Setilaiti inakaa juu ya Nakuru, kodi yake tunapeleka Ufaransa. Hadi lini?

Wakuu, nimelivumilia sana, leo naliweka mezani. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na zile za bei za vifurushi. Bei ndiyo inayotuuma, lakini chanzo kiko mbali zaidi ya king'amuzi.

Angalia paa lolote mtaani. Madishi mawili, kila moja limeelekea kwake. La Azam limeinamia magharibi kwa sababu setilaiti yao iko nyuzi (digrii) 7 za longitudo mashariki, yaani magharibi yetu. La DStv linatazama karibu utosini, nyuzi 36. LNB mbili (kile kichwa cha dishi kinachonasa mawimbi), nyaya mbili zinapenyezwa dirishani, ving'amuzi viwili chini ya TV, vifurushi viwili vya mwezi. Ukilalamika unaambiwa huo ndio ushindani wa soko, mteja achague.

Ushindani gani? Setilaiti za pande zote mbili ni za Eutelsat ya Ufaransa. Hawa wanaogombania ligi na wateja huku chini, kule juu ni wapangaji wa mwenye nyumba mmoja. Kodi ya setilaiti inahesabiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo shilingi ikiyumba tu, anayeumia ni wewe wa kifurushi. Na kwa kuwa kila kipande cha masafa kinalipiwa, vituo vinasokomezwa vingi kwenye transponda moja (kile kifaa cha setilaiti kinachopokea mawimbi na kuyarusha chini) mpaka picha inakondeshwa. Ndiyo maana mpira ukipigwa mrefu unaona uwanja mzima umevunjika miraba miraba, mpira wenyewe huuoni. Watu wanamlaumu fundi wakati dishi lake kalifunga sawasawa.

Sasa kinachonichoma hasa ni hiki. Setilaiti ya matangazo inakaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, inaenda sambamba na dunia inavyojizungusha, na ndiyo sababu dishi likishafungwa halihamishwi. Chukua ramani ufuate ikweta mpaka nyuzi 36 mashariki. Unaangukia Kenya, Bonde la Ufa, kaskazini kidogo ya Nakuru. Yaani mtambo wa Mfaransa uko utosini mwa mtu wa Nakuru, na mtu wa Nakuru ndiye anayelipa ili autazame!

Wazee wetu waliliona mapema. Desemba 1976 Kenya, Uganda na Zaire (DRC ya leo) zilikuwa Bogotá pamoja na Colombia, Ecuador, Brazil, Indonesia na Congo (Brazzaville), zikatangaza kwamba sehemu ya obiti (njia ya setilaiti) iliyo juu ya nchi za ikweta ni haki ya nchi hizo. Wakubwa wakazijibu kwa Mkataba wa Anga wa 1967, kwamba anga za juu hazimilikiwi na taifa lolote. Haya, hazimilikiwi. Mbona basi zinapangishwa? ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa kule Geneva, imekuwa ikitoa sehemu kubwa ya nafasi hizo kwa utaratibu wa aliyewahi kuomba, na aliyewahi alikuwa ni yule mwenye roketi, benki na wanasheria. Ukichelewa, unabembelezana na kila aliyekutangulia ili masafa yako yasiingiliane na yake.

Na asije mtu hapa kusema hatukuachiwa kitu. Mpango wa ITU wa 1977 ulitengea nchi za Afrika, Ulaya na Asia nafasi zao za setilaiti za matangazo, kila nchi na yake, uwe na roketi usiwe nayo. Mkutano wa ITU wa Istanbul mwaka 2000 ukaongeza, nchi ya Afrika ikawa na chaneli 10, na kwa teknolojia ya dijitali chaneli moja inabeba vituo kadhaa. Lakini nafasi ya kwenye makaratasi hailindwi na makaratasi peke yake. Usipoitumia wenzako wanakusogelea huku na huku, mawimbi yao yanaibana yako hadi inakuwa haifai. Yamezikuta nchi nyingi, mpaka mwaka 2019 kwenye mkutano wa ITU kule Sharm el-Sheikh, Misri, ikabidi nchi zilizoharibiwa nafasi zipewe kipaumbele cha kuomba upya.

Najua litakuja lile jibu la "setilaiti ni mamia ya mamilioni ya dola, sisi maskini". Misri ilirusha Nilesat ya kwanza 1998. Nigeria ya kwanza iliwafia 2008, wakarusha nyingine 2011. Angola ya kwanza ilipotea muda mfupi baada ya kurushwa Desemba 2017, wakarudi tena 2022. Tonga, visiwa vya watu laki moja hivi, haikuwa hata na mtambo: mwaka 1988 iliomba nafasi 16, ikapigiwa kelele dunia nzima, ikaishia na 6, ikazikodisha kwa kampuni za nje. Rwanda hapo jirani imewasilisha ITU ombi la setilaiti zaidi ya 300,000. Mtu anaweza kuliona ombi hilo ni la ajabu, ila angalau wamejua mlango uko wapi.

Sisi tunagombana kuhusu king'amuzi kipi kina ligi ipi.

Ninachotaka ni majibu ya serikali, tena bungeni: nafasi yetu iko nyuzi ngapi, hali yake ikoje leo, ni ombi gani limepelekwa Geneva na lini, na kwa nini Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye nchi 8 haina hata setilaiti moja ya pamoja ya matangazo. Mbunge yeyote anayepita humu, swali la nyongeza hilo hapo, lichukue kama lilivyo.