Mjadala: Hizi safari za vijana kupanda miti vijijini, ziendelee?

Wakubwa shikamooni, vijana wenzangu habari. Naleta hoja hii nikiwa mmoja wa waliokwenda.

Aprili mwaka jana tulitoka Moshi mjini vijana thelathini na kitu, tukaenda kupanda miti kwenye kingo za kijito katika kijiji kimoja cha mlimani. Siku moja tu. Tuliimba njia nzima, tukachimba, tukapiga picha, na ripoti ikaandika miche 600. Sasa michango imeanza tena, na nimewaambia wenzangu sitoi hata mia mpaka tuzungumze. Wamenikasirikia.

Septemba nilirudi kule peke yangu. Katika mstari niliochimba kwa mikono yangu, kati ya miche 24 nilikuta mitano hai. Mama mmoja wa pale akang'oa mgrevilea uliokauka, akanipa mkononi. Ulikuwa bado umevaa kiriba, ule mfuko wa kuoteshea mche. Plastiki nyeusi, nzima, na mizizi ndani yake imejisokota kama kamba iliyokosa pa kwenda. Akaniuliza, "Nani aliwafundisha kuupanda na nguo zake?" Nilikosa la kujibu.

Lakini kiriba kinafundishika kwa dakika tano. Kuna jambo zito zaidi. Katikati ya miche ile walikuwa wamefungwa mbuzi wawili, na mzee mwenye mbuzi analima magimbi na maharage hapo hapo kijitoni. Nilimwamkia, nikamuuliza mbona mbuzi wanakula miti. Hakunificha: "Mwanangu, miti ikishasimama hapa, shamba langu litaitwa hifadhi."

Tangu siku ile neno hilo halijanitoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Anayejua udogo wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya mlimani, apime mwenyewe mita 60 kila upande wa kijito, aone kaya ngapi zinabaki na nyumba na ua tu. Tena watu wa huku wana kumbukumbu. Ukanda wa nusu maili, pembeni mwa msitu wa Mlima Kilimanjaro, ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuingia msitu mkubwa; mwaka 2005 msitu ukaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ukanda huo pamoja nao. Sisi tulifika na majembe na fulana mpya, tukapanda mstari ulionyooka ukingoni mwa shamba lake. Yeye aliuona ni mpaka. Ningekuwa mimi, ningeuonaje?

Wenzangu wana hoja mbili. Wa kwanza anasema safari ile ilitujenga sisi, na ni kweli: mmoja wetu aliomba Chuo cha Misitu Olmotonyi kwa sababu ya siku ile, na leo anasoma kwa bidii. Hilo nalikubali kwa moyo wote. Ila kama faida ni yetu, tuiite ziara ya mafunzo, tusimwandikie aliyetoa fedha kwamba tumeokoa chanzo cha maji.

Wa pili anasema wanakijiji ni wavivu, walishindwa hata kumwagilia. Hili nalikataa kabisa. Nani abebe dumu la lita 20 mara ngapi kwa siku, kwa ajili ya miti ambayo hajui ni ya nani? Watu hawa hawa wametunza miti ya miruka na miringaringa juu ya migomba na kahawa zao tangu enzi za babu zao. Hawakutusubiri sisi tuwafundishe kupenda mti.

Msimamo wangu ni huu: tusiende Aprili mpaka kijiji kituite. Mkutano wa kijiji ukae, iandikwe kwenye muhtasari kwamba mti ni mali ya mwenye shamba, na aina ya mche achague yeye. Najua muhtasari haufuti sheria. Basi kingo tuziache kwanza, tupande vihambani, kule wanakotaka parachichi na miti ya mbao. Fedha za fulana, ambazo mwaka jana zilizidi fedha za miche, alipwe mtu wa pale pale amwagilie na kupalilia viangazi viwili. Nasi turudi Septemba kuhesabu, hata kama hesabu ni ya aibu.

Kuna anayeniambia hapa nimekosea: tukiacha kingo, kijito kinakauka na wa chini, kule tambarare, wanakosa maji. Hoja hiyo ina uzito na sina jibu lake kamili. Kikundi kinakaa Jumamosi kuamua. Ninyi mliowahi kufanya kazi hii Uru, Mbokomu, Marangu au upande wa Meru, mliandikishana na wenye mashamba? Miti ya kingoni mlikubaliana iwe ya nani?