Nimetoka Windows nimeingia Linux Mint, anayeanza kabisa anasoma wapi?

steshenari_mwanga
Wakuu habari za kazi. Nipo Kigoma mjini, Mwanga, nina steshenari ndogo, kazi kubwa ni kuchapa mitihani ya shule, barua na siivii za watu. Mashine yangu ilikuwa na Windows 10, ilipofika tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuitolea maboresho, na Windows 11 haikubali kuingia maana prosesa ni ya zamani, ndo kijana mmoja akanipigia Linux Mint akasema utaizoea tu dada, kesho yake akasafiri.

Sa kila nikitafuta kitu kidogo mtandaoni huyu anasema andika apt, mwingine dnf, mwingine pacman, naandika hiyo dnf mashine inasema haiijui. Juzi nimefungua mtihani wa kidato cha pili uliokuwa kurasa 2 ukawa 3, swali la mwisho limebaki peke yake ukurasa wa tatu na mwalimu yupo dirishani ananisubiri. Siombi mtu anitatulie kila kitu, naomba kujua mlioanza kama mimi mlisoma wapi, na kama kuna cha kusoma bila bando nitashukuru sana.

mgebuka_wa_ujiji
Mwakeye dada, pole na kazi. Hilo la apt na dnf ndo lilinitesa mimi miezi miwili mizima kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba Linux siyo mfumo mmoja. Linux yenyewe ni kiini tu, alikianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, juu yake watu wamejenga mifumo mingi na kila mmoja una namna yake ya kuweka programu. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, Ubuntu imetoka kwa Debian, hao ni ukoo mmoja na wote wanatumia apt. Hiyo dnf ni ya Fedora, pacman ni ya Arch. Kwa hiyo wale waliokujibu hawakukudanganya, walikuwa wanaongea na watu wa nyumba nyingine.

Kabla hujatafuta chochote jua jina na namba ya mfumo wako. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika

cat /etc/os-release

utaona kama ni Mint 21 au 22 na kadhalika. Hii namba iandike kwenye karatasi ubandike ukutani kabisa. Mint 21 imesimama juu ya Ubuntu 22.04 na Mint 22 juu ya Ubuntu 24.04, sasa ukitafuta jibu andika "Linux Mint 22" na shida yako, ukikosa andika "Ubuntu 24.04", mara nyingi litafanya kazi hilohilo. Halafu kwenye menyu tafuta Welcome Screen, lile dirisha ambalo wengi tunalifunga siku ya kwanza, ndani yake kuna sehemu ya Documentation, anzia hapo kabla ya video yoyote.

asali_ya_tabora
Mwangaluka wadau. Naongezea hilo la bando maana huku Tabora mimi nimejifunza hivyohivyo kwa kubana. Miongozo mingi ipo ndani ya mashine yako tayari. Ukitaka kujua amri fulani inafanya nini andika man halafu jina lake, mfano man cp (cp ni amri ya kunakili faili), ukurasa unafunguka hapohapo bila mtandao. Kwa kuchapa ndo muhimu zaidi, LibreOffice, hizo programu za ofisi unazochapia kwenye Mint, wana vitabu vyao vya bure vya PDF, kuna Getting Started Guide na kingine cha Writer peke yake, ile sehemu ya kuandikia, pakua mara moja ukiwa na waifai ya mtu weka kwenye simu, umemaliza.

Ila dada nakuomba sana, angalia tarehe ya unachosoma na usinakili amri usiyoielewa, hasa inayoanza na sudo, maana hiyo inafanya kazi kwa ruhusa ya mwenye mashine. Mimi nilifuata maelezo ya Ubuntu 14.04 nikaongeza chanzo cha programu ambacho matoleo mapya hayakitambui, tangu siku hiyo kila nikitaka kuapdeti ni makosa mekundu tu, mpaka nikajua kwenda Software Sources kukiondoa.

steshenari_mwanga
Asanteni sana, kumbe ni koo tofauti! Yangu ni Mint 22. Nimejaribu man cp imefunguka lakini nimeshindwa kutoka nikafunga dirisha zima 😅 Na je, cha Kiswahili kipo?

asali_ya_tabora
Bonyeza q, inatoka. Na ukiwa ndani andika / kisha neno unalotafuta, halafu Enter.

ticha_kibirizi
Dada, Kiswahili kilishaanza zamani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na LibreOffice ni mtoto wa OpenOffice hiyohiyo. Natamani sana tungekuwa na miongozo mingi ya lugha yetu. Lakini kwa sasa ushauri wangu menyu ziache kwa Kiingereza, kwa sababu mwongozo ukisema bofya Tools utaiona Tools, ukibadilisha lugha utakuwa unatafsiri kichwani kila hatua.

Huo mtihani ulioongezeka ukurasa nadhani ni fonti. Bofya kwenye maandishi uangalie kisanduku cha jina la fonti juu, jina likiwa limeandikwa kwa italiki, yaani herufi zilizolala, ujue fonti hiyo haipo kwenye mashine na imewekewa nyingine yenye herufi za upana tofauti. Walimu wengi tunaandika kwa Calibri au Cambria. Weka Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, zimechorwa kwa upana uleule:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Hapo sudo inaomba ruhusa ya mwenye mashine, apt install inaweka, yanayofuata ni majina ya vifurushi. Neno siri ukiliandika herufi zake hazitaonekana, usishtuke, endelea tu.

steshenari_mwanga
Ticha ilikuwa Cambria kweli, na imelala kabisa kwenye kisanduku, sikuwahi kuiangalia. Nimeweka, nimefunga nikafungua tena, mtihani umerudi kurasa 2 na swali la mwisho limekaa mahali pake. Namba nimeshabandika ukutani juu ya printa.