Nyumbani nifuge nini kinacholipa bila kumchosha mtu? Naombeni ushauri

Kijana_Zizini: Wakuu heshima kwenu. Tuna eneo la familia, ekari moja na ushee, majani yapo na kuna banda la zamani paa lake bado zima. Nataka mnyama ambaye anacholipa kinazidi jasho lake. Nimesoma mpaka kichwa kinagonga, huyu anasema kuku, yule mbuzi, mwingine anaapa ng'ombe wa maziwa ndo mwisho wa shida. Akiba ni hii hii moja, ikiondoka imeondoka, usingizi wenyewe siupati vizuri. Ingekuwa wewe, unaanza na nani?

Mama Vifaranga: Kuku wa kienyeji mwanangu, wala usihangaike. Mtetea anaatamia mwenyewe, siku 21 vifaranga hao, huna mashine huna umeme. Adui yako ni kideri, ule ugonjwa wa kuku unaofagia banda zima. Chanjo ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu, na uwachanje wangali wazima, ukishaona shingo zinapinda umechelewa. Wifi yangu alikuwa anasema wiki ijayo, wiki ijayo, siku moja kafungua banda asubuhi kawakuta wametapakaa chini kama nguo zilizokatikiwa na kamba. Alilia yule mwanamke, mpaka leo ukimtajia kuku anabadilisha mazungumzo.

Mzee wa Pumba: Nguruwe. Mimba siku 114, yaani miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, halafu anakushushia watoto 8 mpaka 12. Mimi nguruwe wamenisomeshea watoto. Ila usiruhusu kila mtu aingie bandani na viatu vyake, na makombo chemsha kwanza, maana homa ya nguruwe ikipiga hodi haina tiba, inafagia wote.

Sikio Refu: Sungura, mwezi mmoja tu kashazaa. Ila tafuta mnunuzi kwanza, wanaongezeka kuliko wanavyouzika.

Fundi Banda: Mleta mada, ekari tumeiona, paa tumeliona. Saa kumi na moja alfajiri nani anaamka kuhudumia? Unaishi hapo?

Kijana_Zizini: Nyumbani kuna mtu, hilo lisikupe shida. Tujikite kwenye mnyama.

Fundi Banda: Mtu gani? Kijana mwenye nguvu zake, mtoto wa shule, kibarua? Jibu lote limelala hapo.

Kijana_Zizini: Sawa. Ni mama. Yuko peke yake, magoti yanamsumbua, na maji anachota kisimani huko bondeni. Mimi kazi iko mbali, nakuja wikiendi na si zote. Lakini mama kafuga tangu usichana wake, anapenda mifugo kuliko hata sisi wanawe. Na niseme tu yote, advansi ya ng'ombe wa maziwa nishatoa. Bado anakamuliwa na ana mimba ya miezi mitano. Msinirukie, nimepiga hesabu, maziwa yanaingiza hela kila siku, mama haombi mtu chumvi wala sabuni, sasa kuku mpaka akue si mwaka unaisha?

Fundi Banda: Hesabu umepiga upande wa kuingiza. Ng'ombe wa kilo 400 anataka majani mabichi kama kilo 40 kwa siku, na akiwa anakamuliwa anaweza kunywa lita 60 mpaka 100. Ndoo ya lita 20 hizo ni safari tatu hadi tano za bondeni, na bado mama mwenyewe hajaoga wala kupika. Kukamua mara mbili kwa siku, jua liwake au mvua inyeshe, aumwe asiumwe. Hapo hujaosha banda, hujamwogesha dawa ya kupe.

Mwana Mwema: Mzazi kashatulea, tusimgeuze kibarua uzeeni. Peleka hela nyumbani kila mwezi, mama apumzike.

Mama Vifaranga: @Mwana Mwema sisi wamama kukaa tu ndo kunatuzeesha, msituwekee mito. Swali ni mzigo gani.

Macho Manne: Jamani hii chai, tena haina hata sukari. Mtu ana akiba moja, katoa advansi, halafu anakuja kuuliza afuge nini? Kesho kutwa mtaona tangazo, "nauza ng'ombe wa maziwa ana mimba". Dalali huyu anapima upepo.

Kijana_Zizini: Dalali nini, mimi nimeenda kumwona kwa macho yangu! Ni mweusi ana baka jeupe ubavuni, na chuchu ya nyuma kushoto imesinyaa haitoi kitu, hapo juu yake ukibonyeza pagumu. Mwenyewe kanieleza ni kwa sababu ndama alizoea kunyonya upande mmoja. Mtunzi wa chai angeyajulia wapi hayo?

Bwana Mifugo Mstaafu: Ngoja hapo hapo kijana. Habari ya chai waachie wenyewe. Kiwele kina robo nne, kila moja inatengeneza maziwa yake na hazipitishiani. Robo iliyosinyaa na ina ugumu, mara nyingi ni ugonjwa wa kiwele ulishaiua, au bado umo humo. Ndama umsamehe bure. Ukiwa bado umo, unaruka kwa mikono na kitambaa cha mkamuaji kwenda robo tatu zilizobaki. Nenda saa ya kukamua, ile mikamuo ya kwanza ya kila chuchu idondokee kitambaa cheusi, utazame kama kuna mabonge, nyuzi, majimaji au damu. Yakiwa meupe safi bado usishangilie, ugonjwa unaweza kujificha, daktari wa mifugo ana kipimo chake. Mimba nayo aipime yeye, neno la muuzaji halitoshi. Salio usilitoe kabla ya hapo.

Macho Manne: Daah. Kama ni hivyo yaliyo mbele yako ni mazito kaka, nisamehe.

Kijana_Zizini: Muuzaji anasema advansi hairudi.

Fundi Banda: Kama alikuficha ugonjwa wa hiyo robo mbovu, una la kumwambia. Nenda na daktari na shahidi mmoja, majibu yaandikwe.

Mama Vifaranga: Mwanangu, mama mwenyewe umemuuliza?

Kijana_Zizini: Nilitaka iwe sapraizi.

Mama Vifaranga: Mpigie.

Kijana_Zizini: Nimempigia. Ng'ombe kamkataa kabla sijamaliza sentensi. Anataka mitetea mitano na jogoo, mbuzi baadaye akiona anaweza. Jumamosi naenda na daktari kule kwa muuzaji, nitaleta mrejesho. Mama Vifaranga, chanjo naianzia wapi?

Mama Vifaranga: Unaponunua uliza walichanjwa lini. Hawajachanjwa, wape tone moja jicho moja siku hiyo hiyo, usiku ndo rahisi kuwashika. Chupa ibebe kwenye ubaridi, jua lisiiguse, na iliyofunguliwa usiiweke akiba ya kesho. Halafu ziba hizo nyufa za banda kabla kuku hawajafika, kicheche anapita hata pa kukushangaza.