Mrejesho: nyuzi zimepatikana

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini peptidi yangu (mnyororo mfupi wa asidi amino) iliyounganishwa na PEG, polima inayopenda maji, inaganda mabonge meupe badala ya kujipanga kuwa nyuzi za kinano, yaani nyembamba mno.

Aliyeniambia "acha haraka na asidi" alilenga penyewe. Peptidi ina asidi ya glutamiki. Kwenye pH 9, yaani upande wa alkali, inabeba chaji hasi, minyororo inasukumana na kubaki imeyeyuka. Mimi nilikuwa namwaga asidi kwa mkupuo, chaji zinafutika ghafla, molekuli zinakamatana ovyo kabla hazijapata nafasi yake. Safari hii nilitumia glukono-delta-laktoni, ambayo huvunjika polepole majini na kushusha pH taratibu.

Asubuhi nilipindua kichupa juu chini: jeli angavu, haikutiririka hata tone! Kipimo cha CD, kinachotumia mwanga kuonyesha peptidi imejikunja vipi, kikaonyesha bonde kwenye grafu karibu na nanomita 218, alama ya mpangilio wa beta, yaani minyororo iliyolala ubavu kwa ubavu. Kwenye hadubini ya elektroni, nyuzi zina upana wa takriban nanomita 10. Naamini PEG inazifunika kwa nje ndiyo maana hazishikamani.

Urefu wa nyuzi bado haulingani, nalifanyia kazi. Asanteni sana, kwa dhati.