Tuiamini kompyuta, au jengo litikiswe kweli?

Mleta mada:
Wadau, kuna hoja inasikika sana: programu za kuiga tetemeko zimekuwa nzuri kiasi kwamba ni hasara kujenga jengo zima juu ya meza ya kutikisa, ulitikise, kisha ulibomoe. Mimi napinga, na sababu yangu ni tetemeko la Northridge, California, Januari 17, 1994.

Kabla ya siku hiyo wahandisi waliamini fremu za chuma zitapinda bila kukatika. Tetemeko likapita, majengo mengi ya chuma yakabaki wima, kwa nje hata huoni dalili. Walipobandua dari na vifuniko vya nguzo ndipo wakakuta nyufa kwenye maungio ya kuchomelea, pale boriti inaposhikana na nguzo. Nyingine zilikuwa zimepenya hadi ndani ya nguzo yenyewe. Kompyuta ukiiambia kwamba kiungo kitapinda, itakuonyesha kinapinda. Haiwezi kukushtua kwa kitu ambacho hukuiwekea.

Japani ililielewa hilo. Baada ya tetemeko la Kobe la 1995, lililoua zaidi ya watu 6,000, ilijenga E-Defense kule Miki: meza ya mita 20 kwa 15, yenye uwezo wa kubeba tani 1,200.

Mchangiaji:
Mkuu, Northridge nakukubalia. Lakini meza inabeba jengo moja, kwa mitikisiko michache, baada ya miezi ya maandalizi. Kwenye kompyuta jengo hilohilo nalitikisa mara elfu, kila mara tetemeko tofauti, udongo tofauti.

Na udongo ndio mnaousahau! Mexico City, 1985: kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini. Tope laini la ziwa la kale chini ya jiji likawa linayumba, kwenda na kurudi kwa takriban sekunde mbili. Majengo ya ghorofa za kati, ambayo nayo huyumba karibu na mwendo huo, ndiyo yaliyoumia zaidi. Nyumba fupi nyingi zikasalimika. Bonde lile utalipakia kwenye meza gani?

Halafu kuna majengo ya zamani ambayo watu wanalala ndani usiku huu. Hakuna atakayeyang'oa akayapeleke maabara.

Mleta mada:
Hapo kwenye udongo umenishika, sibishi. Ila mwaka 2006, huko San Diego, wataalamu walialikwa kutabiri matokeo ya kutikisa kipande cha jengo la zege la ghorofa saba, bila kuonyeshwa matokeo hayo kwanza. Majibu yao yalipishana sana, na jengo lilikuwa moja, michoro ni ileile.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: modeli ya kompyuta isitumike kubadilisha kanuni za ujenzi mpaka iwe imetabiri jaribio halisi kabla halijafanyika. Kulinganisha baada ya kuona matokeo hakutoshi, maana hapo mtu hurekebisha namba mpaka zikubali. Unalipinga hilo, mkuu? Na kama hulipingi, nani abebe gharama ya hayo majaribio?