Bwawa la bustani Tabora: maji yanazama usiku mmoja

Mchicha_na_Perege
Habari wakuu. Nipo Tabora mjini, kiwanja ni kichanga. Nimechimba shimo mita 4 kwa 3, kina mita 1, kingo zimelala nyuzi 45. Lengo ni kupendezesha bustani, perege kidogo, na maji ya kumwagilia mchicha. Nikijaza jioni, asubuhi shimo kavu. Fundi anasema nipige saruji, jirani anasema nailoni inatosha. Kipi bora, na ninunue ukubwa gani? Kuna mwembe mita 3 kutoka ukingoni. Natanguliza shukrani.

Kichuguu
Mkuu, saruji iweke kando. Kichanga kilichochimbuliwa kinaendelea kutulia, na lipu isiyo na wavu ndani inapasuka kwenye kona maji yakishaanza kuilemea. Ufa wa unene wa unywele unatosha kumaliza bwawa.

Udongo wa kichuguu unashika maji vizuri, ila kwa shimo lako haufai. Unahitaji sentimita 20, ushindiliwe ukiwa na unyevu, tabaka la sentimita 10 kwa 10, na kwenye mteremko wa nyuzi 45 utaporomoka. Ungetakiwa kulaza kingo mara mbili ya hapo, na shimo limeshachimbwa.

Kwa hiyo nailoni. Hesabu: urefu + kina mara mbili + mita 1 ya kukunjia. Kwako ni 4+2+1 = 7, na 3+2+1 = 6. Nunua mita 7 kwa 6, kipande kimoja, usikubali kuungiwa. Ile nyeusi ya ujenzi ya geji 1000 ina unene wa robo milimita tu, iweke mbili. Ukipata plastiki ya mabwawa ya nusu milimita, moja inatosha.

Chini yake ng'oa mizizi na mawe yote, kisha tandika salfeti za sembe. Magunia ya katani, maboksi na mifuko ya saruji usiweke, maana unawaandalia mchwa chakula, na wakishafika hapo wanatoboa na nailoni. Jaza maji taratibu huku mtu anavuta mikunjo. Usikate pembeni mpaka bwawa lijae, kwa sababu uzito wa maji huivuta nailoni ndani. Kisha fukia kingo kwa udongo na mawe, jua lisiiguse popote.

Ukingo uupige leveli kwa mpira wa maji, usikadirie kwa macho. Upande mmoja ukishuka sentimita 5, maji yanatokea hapo, na ule wa pili nailoni inabaki wazi juani, mwaka wa pili inakatika kama biskuti.

Ujiji_Samaki
Nakubaliana, naongeza ya samaki. Wengi hukosea ujazo: 4×3×1 si lita 12,000. Kwa kingo za nyuzi 45 sakafu yako ni mita 2 kwa 1, hivyo maji ni kama lita 6,300. Perege 20 wanatosha kwa bwawa lisilo na pampu ya hewa. Maji ya bomba yana klorini, yaache wazi siku 3 kabla ya kupandikiza.

Ukiwaona alfajiri wamejaa juu wanahema, oksijeni imeisha. Acha kulisha siku hiyo, mwaga maji mapya kwa kuyarusha kutoka juu. Huo mwembe ndio utakaokuletea hilo: majani yakioza chini yanakula oksijeni, na mizizi inafuata unyevu. Kama shimo halihamishiki, tega wavu juu na uyachote majani kila siku.

Nyasi za ukingoni fyeka. Viluwiluwi vya mbu hujificha humo ambako perege hafiki, na konokono wa kichocho hupenda hapohapo. Ukitaka ua, panda yungiyungi kwenye ndoo yenye tope, lisizidi nusu ya uso wa maji. Gugumaji usipande kabisa.

Lipu_Mbili
Kichuguu umeionea saruji. Ikiwekwa wavu wa kuku katikati, mchanga 3 kwa saruji 1, na kumwagiliwa siku 7, inadumu kuliko nailoni. Tatizo ni gharama, na lazima ujaze na kumwaga mara 3, wiki moja moja, la sivyo ukali wa saruji mpya unaua samaki.

Mchicha_na_Perege
Nimeelewa, naenda na nailoni. Nitajuaje kama inavuja au ni jua tu la Oktoba?

Kichuguu
Weka ndoo iliyojaa maji juu ya tofali ndani ya bwawa, mdomo utokeze kidogo. Chora alama ya maji ndani ya ndoo na nyingine ukingoni mwa bwawa, usichote kwa siku 3. Vikishuka sawa, ni jua. Milimita 6 kwa siku ni kawaida kiangazi. Kwa uso wa mita 12 za mraba ni lita 72, ndoo tatu na nusu hivi. Bwawa likishuka kuliko ndoo, linavuja. Acha lishuke lenyewe mpaka lisimame: tundu liko kwenye mstari huohuo, zunguka ukipapasa kwa kiganja.