Ukosefu wa ajira ukishuka kwenye takwimu, ndio uchumi umepona? Tujadili

Mwanzisha mada:

Wakuu habari zenu. Naomba hili tulijadili bila kuvutana kichama. Kila takwimu za ajira zikitoka zikaonyesha ukosefu wa ajira umeshuka basi utasikia uchumi umepona, tumetoka shimoni, na ukiuliza swali unaonekana hupendi maendeleo. Mimi msimamo wangu ni kwamba hiyo namba peke yake haithibitishi kitu.

Kwanza tujue anayehesabiwa ni nani. Kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, ambavyo nchi nyingi zinavifuata, ili uitwe huna ajira lazima wiki ile unayoulizwa uwe hujafanya kazi ya kipato hata saa moja, uwe umetafuta kazi siku za karibuni (mara nyingi ni ndani ya wiki 4), na uwe tayari kuanza ukiipata. Ukikosa kimoja tu, haumo. Aliyefanya kazi saa moja kwa malipo ameajiriwa. Na yule aliyezunguka na vyeti mwaka mzima mpaka akakata tamaa akakaa nyumbani, huyo naye sio mkosa ajira tena, anawekwa nje ya nguvu kazi (yaani wenye kazi pamoja na wanaotafuta), fungu moja na mstaafu na mwanafunzi.

Sasa piga hesabu. Watu 100 kwenye nguvu kazi, 90 wana kazi, 10 wanatafuta, hiyo ni asilimia 10. Watano kati ya wale 10 wakachoka wakaacha kutafuta. Nguvu kazi inabaki watu 95, wanaotafuta 5, asilimia 5 na kidogo. Karibu nusu imepotea na hakuna hata mmoja aliyepata kazi! Na hii sio ya kufikirika tu. Marekani baada ya ule mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwishoni mwa 2007, ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10 Oktoba 2009 halafu ukaanza kushuka watu wakashangilia, lakini sehemu ya watu wazima walio kwenye nguvu kazi nayo ikawa inateremka, kutoka kama asilimia 66 mwaka 2007 hadi chini ya 63 ilipofika 2014. Hao walienda wapi?

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu heshima yako, hesabu ni sahihi ila mfano umeuchagua unaokufaa. Wengi wa hao unaouliza walienda wapi walistaafu. Kile kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya vita ya pili ya dunia kilianza kufika umri wa kupumzika miaka hiyohiyo, kwa hiyo sehemu ya watu wazima walio kwenye nguvu kazi ingepungua hata kama mdororo usingetokea.

Na kuna kitu umekiruka. Marekani wana kipimo kingine kipana wanakiita U-6, humo wanaingia waliokata tamaa na wanaofanya kazi nusu siku kwa sababu wamekosa ya siku nzima, yaani haohao unaowalilia. Kipimo hicho kilikuwa kama asilimia 17 mwishoni mwa 2009, na ilipofika mwishoni mwa 2019 kilikuwa karibu 7. Kama kushuka kule kungekuwa ni kwa watu kukata tamaa tu, kipimo kipana kingeshukaje namna hiyo? Tusiikatae namba kwa sababu tu wanasiasa wanaipenda.

Halafu hii namba huwa inachelewa. Kwa rekodi za Marekani mdororo uliisha Juni 2009, ukosefu wa ajira ukafika kilele miezi minne baadaye. Mwajiri akiona wateja wanarudi anaanza kuwaongezea saa wale alionao, kuajiri mpya anasubiri mpaka aamini. Kwa hiyo ukiona imeshuka, mara nyingi uchumi ulishageuka kabla.

Mchangiaji wa pili:

Kaka zangu mnaongea vizuri ila naona wote mmebaki kwa wanaotafuta kazi na walioacha kutafuta. Mimi niko kwenye hesabu ya walioajiriwa na ndio maana nataka kuongea. Nilikuwa na kazi ya kudumu, mkataba, bima, likizo, kampuni ikapunguza watu nikawa mmoja wao. Sasa hivi nafanya siku mbili kwa wiki sehemu moja na nyingine nikiitwa, kuna wiki siitwi kabisa. Nilivyopata hivyo vibarua kwenye takwimu nikawa nimepona, ukosefu wa ajira umepungua kwa mtu mmoja. Kipato changu hakifiki nusu ya kile cha zamani na ujuzi nilionao hautumiki. Hiyo ahueni inapimwa wapi jamani?

Na kuna nchi maskini sana ukosefu wa ajira wao kwenye makaratasi ni mdogo kuliko wa nchi tajiri, sio kwamba kazi zimejaa, ni kwamba pasipo na akiba wala mafao ya wasio na kazi mtu hawezi kukaa miezi anatafuta, kesho yake anashika chochote. Shirika hilohilo la Kazi lilisema mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2 duniani, asilimia 61 ya wafanyakazi wote, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Wote hao wanahesabiwa wana kazi.

Mchangiaji wa tatu:

Naongezea kidogo, na wanaohama je? Ugiriki ukosefu wa ajira ulikuwa kama asilimia 27 mwaka 2013, baadaye ukashuka, lakini katika miaka ile ya shida mamia ya maelfu ya watu waliondoka nchini, vijana wenye elimu wengi tu. Akishapanda ndege hayuko tena kwenye hesabu ya kwao. Sisemi kushuka kote ni huko, nasema kumo.

Mwanzisha mada:

Dada pole sana, na asante, hilo la aina ya kazi sikulipa uzito wake. Ndugu wa kwanza nakubali kuhusu wastaafu na hiyo U-6, 2019 siwezi kuibishia. Ila mimi nilitaka tuangalie miaka ya mwanzo. Chukua kipimo kisichojali nani anatafuta nani hatafuti, kinauliza tu kati ya watu wazima wote wangapi wana kazi. Marekani Oktoba 2009 ilikuwa kama asilimia 58 na nusu. Desemba 2011 bado ni 58 na nusu hivi, palepale. Ndani ya muda huohuo ukosefu wa ajira ulitoka 10 ukaja kama 8 na nusu. Miaka miwili ya kutangaziwa ahueni na sehemu ya watu wenye kazi haijapanda! Baadaye ndio ikaanza kupanda, ikafika kama 61 mwishoni mwa 2019, na huko nakubaliana na wewe ilikuwa ahueni ya kweli. Namba ileile, kushuka kulekule, miaka ya kwanza inasema kitu kimoja na ya baadaye inasema kingine.

Mchangiaji wa kwanza:

Hapo kwenye 2011 umenibana mkuu, ingawa hata hapo wastaafu kidogo wamo. Basi takwimu zikitoka tena tuziweke zote hapa pamoja, wenye kazi kati ya watu wazima wote, saa wanazofanya, na mshahara ukishaondoa mfumuko wa bei.

Mchangiaji wa pili:

Na muulize pia wangapi wanataka saa zaidi na hawazipati. Hilo swali kwenye dodoso huwa lipo, mimi niliulizwa nikajibu ndiyo. Ila siku ya kutangaza sikulisikia likisomwa.